Jezi Namba Sita

Barua ilikuja Jumatatu kwenye simu ya katibu.
Akaenda kuichapa duka la fotokopi, jirani na stendi,
kurasa mbili, muhuri wa Kamati ya Nidhamu.
Risiti akanipa mimi niitunze,
kwa kuwa ndiye mwenye kabati lenye kufuli.

Naitwa Kalunde. Nafua jezi za Nyuki wa Ng'ambo,
ishirini na tatu, na soksi jozi ishirini na tatu,
na bukta ambazo sitazizungumzia hapa.
Bomba likikauka, nanunua maji kwa mkokoteni
na kuandika deni.

"Mchezaji Mihayo Kasubi, kwa kumpiga kiwiko mwamuzi msaidizi,
michezo sita, na faini shilingi laki tano.
Bwana Hilali Mbaraka, mmiliki, kwa maneno ya redioni
yenye kuishushia ligi hadhi,
faini milioni tatu, na asionekane uwanjani miezi mitatu."
Kanuni ya arobaini na ngapi, kifungu kidogo cha ngapi.
Katibu alisoma kama anayesoma majina ya waliofaulu.

Jumamosi Bwana Hilali hakuonekana uwanjani.
Alionekana juu ya lori lake la tumbaku
lililoegeshwa nje ya ukuta, nyuma ya goli la kaskazini:
kiti cha plastiki, mwavuli, chupa ya chai.
Kamishna wa mchezo alimtazama, akaandika,
akafuta.
Barua ilifunga geti. Anga haikulitaja.

Mihayo alikaa kwake Kiloleni.
Mkataba wake una mstari nilioonyeshwa na mkewe,
kidole kikiwa juu yake: asiyecheza halipwi.
Na ile milioni tatu? Muulize mhasibu
kwa nini posho ya mazoezi imetoka elfu kumi hadi elfu saba
kwa vijana wote, hata kipa wa tatu
ambaye msimu mzima hajadaka chochote ila mafua.

Sheria ni msumeno, katibu akatuambia.
Sawa. Lakini sisi watu wa miombo miti tunaijua.
Mninga huung'oa msumeno meno.
Mpapai unakatwa kwa kisu cha mezani.

Rufaa ilikatwa, ndiyo, ndani ya siku tatu.
Moja. Ada hulipwa kwa kila jina,
na jina lililolipiwa halikuwa la Mihayo.

Ningeishia hapo mngenipigia makofi.
Ila kuna jezi.

Namba sita, mkono wa kulia, pale kwenye kiwiko,
doa la ukubwa wa punje ya karanga.
Nimelitia chumvi, ndimu, sabuni ya mche,
nimelianika kwenye jua la Oktoba.
Halitoki.
Mihayo hakuchanika popote siku ile.
Damu ni ya mwalimu Sagenda, wa Nzega,
afundishaye hesabu siku tano, ya sita akashika kibendera,
aliyenyanyua mkono kwa sababu aliona alichoona,
na nyusi yake ikashonwa nyuzi nne pale Kitete.
Hakuna redio iliyomhoji.

Basi usiku, nikikunja nguo, nagombana na ile barua,
kisha naiunga mkono,
kisha nagombana nayo tena.
Nani angemlinda mwalimu? Mimi na ndoo yangu?

Mchezo wa saba Mihayo alikuja mapema, kakonda,
akanyoosha mkono kabla ya salamu.
Nilikuwa na namba sita ya akiba, mpya, ingali kwenye nailoni.
Nikampa ile ya zamani.
Akaikunjua. Akaliona. Hakuniuliza.

Kibendera cha upande wetu kilishikwa na kijana nisiyemjua,
aliyesimama mbali kidogo na mstari
kuliko inavyotakiwa.
Mihayo aliukunja ule mkono wa kulia hadi juu ya kiwiko.
Kabla ya dakika ya kumi
ulikuwa umeshuka.